Tangi, IBC au mapipa: hati za kusafirisha kimiminika hatari kwa meli

Umekwisha kukubaliana bei ya ethanoli na muuzaji wa Karachi. Anachotaka kujua sasa ni mzigo uje Dar es Salaam ndani ya nini: kontena la tangi, matangi ya IBC (yale ya plastiki ya lita 1,000 yaliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma), au mapipa ya lita 200 ndani ya kontena la kawaida. Wengi huchukua nauli, wakaigawanya kwa idadi ya lita, wakajibu siku hiyohiyo. Nimekaa kwenye kazi ya uwakala wa forodha vya kutosha kujua kwamba hesabu hiyo haimalizi mambo. Mzigo wa kemikali hukwama kwa karatasi, na kila chombo kina karatasi zake.

Kwa mapipa na IBC, karatasi nzito ni ya yule aliyepakia kontena. Kwa tangi, karatasi nzito ni za tangi lenyewe: limepimwa lini, lilibeba nini safari iliyopita, na litarudije kwa mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize ni karatasi za nani unazoweza kuziona kwa macho yako kabla meli haijang'oa nanga.

Nimechagua ethanoli iwe mfano wa makala nzima kwa sababu inapita mikononi mwa wengi: watengenezaji wa vitakasa mikono, wa rangi, wa manukato, na maabara.

Yale yasiyobadilika

Chombo chochote utakachochagua, mzigo unasimamiwa na kanuni ya kimataifa ya bidhaa hatari baharini, IMDG, ambayo ni ya lazima chini ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, tangu 1 Januari 2004. Kanuni hii hurekebishwa kila baada ya miaka 2, na toleo la 42-24 ndilo la lazima kuanzia 1 Januari 2026. Muulize mtumaji anatumia toleo lipi. Swali hilo pekee litakuonyesha kama anaijua kazi.

Hati mama ni tamko la bidhaa hatari. Huandaliwa na kusainiwa na mtumaji, na maelezo yake yana mpangilio usiobadilishwa: nambari ya UN (ya Umoja wa Mataifa, inayoitambulisha kemikali), jina rasmi la usafirishaji, daraja la hatari, hatari ya ziada kama ipo, kisha kundi la ufungashaji (kiwango cha hatari: I ni kubwa, III ni ndogo). Kwa ethanoli yetu mstari utasomeka UN 1170, ETHANOL, 3, II. Kisha hufuata joto ambalo mvuke wa kimiminika huanza kushika moto; ni lazima litajwe likiwa nyuzi 60 za Selsiasi au chini yake. La ethanoli safi ni kama nyuzi 13, yaani Dar es Salaam huipita hata usiku wa Julai. Jina la biashara halitoshi. Ukiona tamko limeandikwa "spiriti ya viwandani" bila jina rasmi, lirudishe kabla mzigo haujapakiwa. Kemikali inayochafua bahari huongezewa maneno MARINE POLLUTANT, na majina mengi ya jumla yanayoishia na N.O.S. (yaani kemikali isiyotajwa kwa jina lake kwenye orodha) hudai jina halisi la kemikali liandikwe pembeni.

Kampuni za meli pia hudai karatasi ya usalama wa kemikali, ile yenye sehemu 16, wakati wa kuweka nafasi melini. Uzito uliothibitishwa wa kontena, VGM, ni wa lazima tangu 1 Julai 2016. Na kwa anayeingiza Tanzania, kuna kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Kiombe mapema. Kibali kinachoanza kuombwa meli ikiwa tayari baharini ni ugonjwa wa kujitakia.

Vigezo

Nimevilinganisha vyombo vitatu kwa mambo matano: hati zinazothibitisha chombo chenyewe; kinachoandikwa na kusainiwa; kiasi na uzito; kinachofuata baada ya kushusha; na mtu ambaye chombo kinamfaa. Bei nimeiacha makusudi. Hubadilika kila wiki, na kila wakala atakupa yake.

Kontena la tangi

*Hati za chombo.* Hapa ndipo penye kazi. Kila tangi lina bamba la chuma lenye shinikizo la majaribio, msimbo wa aina yake unaoanza na herufi T, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ukaguzi mkubwa ni kila baada ya miaka 5, na katikati yake kuna mdogo wa miaka 2 na nusu. Tarehe ikishapita, tangi haliruhusiwi kujazwa. Lililojazwa kabla ya tarehe linaruhusiwa kusafiri hadi miezi 3 baada ya kupitwa, na ruhusa hiyo ndiyo inayowaponza watu: tangi linajazwa wiki moja kabla ya muda kwisha, meli inachelewa, kontena linalala bandari ya kupakulia na kupakia upya, na miezi 3 inayeyuka. Omba picha ya bamba pamoja na cheti cha ukaguzi. Picha ionyeshe na nambari ya kontena, uilinganishe na ya kwenye cheti. Usitosheke na neno la muuzaji kwamba tangi "liko sawa".

Msimbo wa T nao unahitaji jicho. Ethanoli inadai T4. Tangi la T11, ambalo ndilo limejaa sokoni, linaibeba bila shida kwa kuwa ni imara zaidi. Basi mtu anahitimisha kwamba nambari kubwa inafaa kila kitu. Hapana. Asidi ya salfuriki yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 51, UN 1830, inadai T8, na T8 hairuhusu tundu la kutolea chini ya tangi. T11 inaruhusu. Kwa hiyo T11 haiwezi kuchukua nafasi ya T8, ingawa 11 ni kubwa kuliko 8. Kwa waagizaji wa Lubumbashi na Likasi, ambao asidi ni mkate wao wa kila siku, hili ni la kukariri.

Kuna pia cheti cha usafi, kinachotaja shehena ya mwisho iliyobebwa na jinsi tangi lilivyooshwa. Ethanoli ya vitakasa mikono isipakiwe kwenye tangi ambalo historia yake huijui. Na kwa kuwa tangi nalo ni kontena, linahitaji bamba la usalama lililo hai la CSC, mkataba wa usalama wa makontena wa mwaka 1972.

*Kinachoandikwa na kusainiwa.* Kwenye karatasi, tangi lina nafuu moja kubwa: cheti cha kupakia kontena hakihitajiki. Hakuna mapipa ya kufunga kamba wala mbao za kuzuia mzigo usicheze. Saini ya mtumaji kwenye tamko inatosha, na tamko lina chombo kimoja na mstari mmoja. Lakini nje ya tangi paandikwe zaidi: vibandiko vya daraja pande zote 4, nambari ya UN, na jina rasmi la shehena kwenye ubavu wa kulia na wa kushoto kwa herufi zisizopungua milimita 65. Jina la ubavuni na jina la kwenye tamko yafanane herufi kwa herufi.

*Kiasi na uzito.* Tangi lisilo na kuta za kuvunja mawimbi ndani yake haliruhusiwi kusafiri likiwa limejaa kati ya asilimia 20 na 80, kwa vimiminika vyepesi kama ethanoli. Sababu ni mawimbi: kimiminika kikipata nafasi ya kukimbia huku na huko, hupiga kichwa cha tangi kwa nguvu inayoweza kulipindua lori. Kwa hiyo tangi la lita 24,000 lazima libebe angalau lita 19,200, au lisizidi lita 4,800. Kwa upande wa juu, ethanoli hutanuka kwa joto, na ukifuata hesabu ya IMDG kwa kujaza ikiwa nyuzi 20, unaishia karibu asilimia 94, kama lita 22,500. Anayetaka lita 15,000 hana nafasi kwenye tangi hilo. Atafute dogo, au lenye kuta ndani. Na asidhani jambo hili litafichika. Ujazo wa tangi umo kwenye bamba, kiasi kimo kwenye tamko, na afisa anayejua kugawanya ataona.

*Baada ya kushusha.* Waagizaji wengi wapya hudhani kazi imekwisha tangi likishamwagwa. Tangi tupu lisilooshwa bado ni bidhaa hatari. Mvuke wa ethanoli uliobaki ndani unawaka kuliko ethanoli yenyewe iliyojaa pomoni. Vibandiko havitolewi, na safari ya kurudi inahitaji tamko jipya lenye maneno EMPTY UNCLEANED au RESIDUE LAST CONTAINED pamoja na jina rasmi. Safari hii mtumaji ni wewe, na saini ni yako.

Unazo njia mbili. Kurudisha likiwa halijaoshwa, kwa tamko; au kuliosha kwenye kituo kinachotoa cheti, likabanduliwa vibandiko na kurudi kama kontena tupu la kawaida. Ya kwanza ni ya haraka kama una mtu anayeweza kuandaa tamko. Ya pili inagharimu fedha na siku, na maji ya kuoshea yana pa kwenda kisheria, si mtaroni. Niliwahi kushuhudia tangi likigomewa getini siku tisa kwa sababu mkataba ulisema tu "lirudishwe tupu" bila kusema nani aoshe wala nani aandike tamko. Malipo ya kuchelewa yalihesabiwa kila siku, na kila upande ulikuwa na hoja yake. Andikeni jambo hilo kwenye mkataba kabla ya kupakia.

*Linamfaa nani.* Anayeagiza mzigo mkubwa na wa mara kwa mara, mwenye tangi la kuhifadhia na pampu inayofaa, na aliye tayari kusimamia safari ya kurudi. Anayeagiza kemikali zinazobadilika zenyewe kwa joto aongeze uangalifu. Tarehe 14 Julai 2012 meli MSC Flaminia ililipuka katikati ya Atlantiki na mabaharia 3 wakapoteza maisha. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye matangi 3 ya divinilibenzini yaliyopakiwa New Orleans katika joto la kiangazi. Tangi hubeba maelfu ya lita mahali pamoja, na joto likizaliwa katikati halina pa kutokea. Kwa bidhaa za namna hiyo, masharti ya joto na ya mahali pa kupangwa melini yaandikwe waziwazi na yamfikie kila anayeshika mzigo, kuanzia ghala la kwanza.

IBC ndani ya kontena la kawaida

*Hati za chombo.* IBC hupigwa muhuri wa UN unaotaja aina yake. Ya plastiki yenye kizimba kwa vimiminika ni 31HA1. Ukaguzi wake una mzunguko uleule wa miaka 2 na nusu na miaka 5, ila plastiki ina ukomo mwingine: miaka 5 tangu kutengenezwa, basi, haitumiki tena kubebea bidhaa hatari. IBC mpya inakuondolea sehemu kubwa ya wasiwasi. Iliyotumika idai ushahidi wa ukaguzi na wa shehena ya mwisho, kwa kila moja. Ziko 18 kwenye kontena, na moja mbovu inatosha kulisimamisha lote.

*Kinachoandikwa na kusainiwa.* Hapa inaingia saini ya pili. Aliyepakia kontena anasaini cheti cha kupakia, akithibitisha kwamba kontena lilikuwa safi na kavu, vyombo vilikaguliwa, bidhaa zisizopatana hazikuchanganywa, na mzigo umefungwa sawasawa. Mara nyingi si muuzaji. Ni kibarua wa ghala la mtu mwingine ambaye hutamjua kamwe. Ndiyo maana picha za hatua kwa hatua, mlango ukiwa wazi na kamba zikionekana, zina thamani kuliko saini. Tamko litaje idadi na aina ya chombo kwa maneno. Msimbo wa 31HA1 ni wa kuongezea tu, hauwezi kusimama peke yake.

*Kiasi na uzito.* Kontena la futi 20 kwa kawaida huchukua IBC 18. Hazijazwi zaidi ya asilimia 98 kwa hesabu ya nyuzi 50. Hakuna sharti la asilimia 80, kwa hiyo ukitaka 7 tu, zinakuja 7, mradi zimezuiwa zisitembee.

*Baada ya kushusha.* Kontena linarudi likiwa safi, bila tamko, baada ya kubanduliwa vibandiko. IBC zinabaki kwako, na hapa nasema kwa uchungu: zisiuzwe mtaani zikiwa na mabaki. Kila mtu anajua zinakoishia, kwenye kuhifadhia maji ya kunywa.

*Inamfaa nani.* Kiwanda cha kati kinachotumia lita 1,000 kwa siku kadhaa, chenye foko (gari la kuinulia mizigo) na sakafu ngumu lakini hakina tangi la kuhifadhia. Kwa ethanoli kuna sharti la kuzuia cheche za umeme tuli, kwa kuwa inashika moto chini ya nyuzi 60. Uliza IBC iwe ya aina inayokidhi hilo.

Mapipa ndani ya kontena la kawaida

*Hati za chombo.* Nyepesi kuliko zote. Pipa la chuma lenye mfuniko usiofunguka ni 1A1, la plastiki 1H1. Soma herufi kwenye muhuri: X inafaa kundi la I, II na III; Y inafaa II na III; Z inafaa III peke yake. Ethanoli yetu ni kundi la II, kwa hiyo pipa la Z ni kosa hata likiwa jipya linang'aa. La plastiki nalo lina ukomo wa miaka 5.

*Kinachoandikwa na kusainiwa.* Ni kama IBC: tamko pamoja na cheti cha kupakia. Ila uwezekano wa kosa ni mkubwa zaidi, maana mapipa 80 yana lebo 80, na mchanganyiko ni rahisi. Muuzaji akikuambia ana nafasi ya kuongeza mapipa 10 ya kemikali nyingine, tamko linakuwa na mistari miwili na jedwali la kutenganisha bidhaa linaanza kazi. Mimi hukataa, isipokuwa niwe nimeona karatasi za usalama za zote mbili.

*Kiasi na uzito.* Mapipa 80 ya lita 200 kwa futi 20, yaani lita 16,000 tu. VGM inaweza kupatikana kwa kujumlisha uzito wa kila pipa, mbao na kontena, au kwa kupima kontena zima. Napendelea kupima zima.

*Baada ya kushusha.* Kama IBC, na tahadhari ileile.

*Yanamfaa nani.* Anayegawa kwa wateja wadogo, anayejaribu bidhaa mpya, au mwenye mzigo unaoishia mahali pasipo na pampu wala foko. Pipa likivuja, umepoteza lita 200 na una nafasi ya kuliokoa kontena. Tangi likivuja ni habari nyingine.

Cha nne utakachoshawishiwa

Mtu atakutajia mfuko mkubwa wa plastiki unaotandazwa ndani ya kontena la kawaida na kujazwa maelfu ya lita. Kwa mafuta ya kula na mvinyo unatumika sana. Kwa bidhaa hatari baharini hauruhusiwi. Ukiona mtu anaweza kukuletea ethanoli kwa mfuko huo kwa bei nzuri, maana yake ni kwamba tamko halitasema ethanoli.

Kwa hali yako

Ukiagiza zaidi ya lita 20,000 kila mwezi au miwili, una hifadhi, na muuzaji anakutumia picha ya bamba na vyeti bila kusukumwa, chukua tangi. Kifungu cha nani anaosha na nani anatangaza tangi tupu kiingie kwenye mkataba wa kwanza.

Ukiwa na hifadhi lakini muuzaji anasitasita kuonyesha cheti cha ukaguzi, agiza IBC mpya safari hii, na umpime kwa ubora wa cheti cha kupakia atakachotoa.

Ukihitaji kati ya lita 5,000 na 18,000, tangi la kawaida lisilo na kuta ndani linakufungia mlango kwa kanuni ya asilimia 80. IBC ndiyo njia fupi. Mapipa kama huna foko.

Mzigo ukipita Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Kigali, hesabu safari ya kurudi kwanza. Tangi tupu lenye mabaki litatembea barabarani na kuvuka mpaka likiwa bado ni bidhaa hatari, na karatasi zake zinahitajika kila kituo. Kama hakuna mtu wako upande wa huko anayeweza kuandika tamko la tangi tupu, IBC au mapipa yatakuepusha na hilo, ingawa utalipa zaidi kwa lita.

Kama ni asidi ya salfuriki na umeamua tangi, soma msimbo wa T kabla ya kusoma bei, na ukiona T11 mwambie atafute lingine.

Kama huna uhakika ni kemikali ya kundi gani, simamisha mazungumzo ya chombo. Omba karatasi ya usalama, fungua sehemu ya 14 inayohusu usafirishaji, andika nambari ya UN na kundi la ufungashaji kwenye karatasi, kisha urudi mezani na muuzaji.

Na chombo chochote ulichochagua, tunza nakala za tamko na vyeti. Kanuni inadai angalau miezi 3. Mimi huzikalia hadi chombo kimerudi na malipo yote ya kuchelewa yamefungwa.